Amonia Ndani ya Tangi Lisilo na Samaki

Maji ya tangi ambalo halijaingia samaki hata mmoja hutarajiwa kupima amonia sifuri. Hakuna anayelishwa humo, hakuna kinyesi, hakuna kilichokufa kikaoza. Kwa hiyo Mei 2024, rangi ya kijani ilipojitokeza ndani ya mrija wa kupimia katika stoo moja hapa Kiserian, mimi na kijana niliyekuwa nikimsaidia tulijikuta mbele ya jambo lisilo na maelezo ya haraka. Baadaye tuliyapata maelezo yake. Ninaandika habari hii kwa sababu njia tuliyopita kuyatafuta ina faida kubwa kuliko jibu lenyewe, na kwa sababu samaki wa baharini wanaopandishwa bara wanastahili watu wenye subira ya kupima.

Kijana mwenyewe nilimfundisha kemia akiwa sekondari, na mpaka leo huniita Mwalimu. Kwao ni upande wa barabara ya kwenda Isinya: ploti yenye nyumba ya mawe, stoo ya mabati nyuma yake, na banda la kuku la mama yake lililopakana na stoo hiyo. Tangu akiwa shuleni alifuga samaki wa dhahabu katika tangi kubwa la maji baridi, na tangi hilo likakaa stooni miaka mingi bila tatizo. Sasa alitaka samaki wa baharini. Alinijia mimi kwa sababu ujana wangu niliutumia Pwani, nikifundisha Kwale, na huko nikafahamiana na wavuvi wa samaki wa mapambo wa Shimoni.

Uvuvi huo watu wengi wa bara hawaujui. Shimoni, Diani, Mtwapa hadi Kilifi kuna wapiga mbizi ambao riziki yao ni kunasa samaki wadogo wa rangi kwenye matumbawe, wakiwa hai na bila jeraha: vitatange, kangaja, samaki wa anemoni. Wengi wa samaki hao hupakiwa ndegeni kwenda ng'ambo, na wachache hupanda Nairobi. Karibu wote hawakuzalishwa na mtu. Walizaliwa baharini na kukulia humo, na anayemnunua mmoja wao amemtoa kwenye mwamba ambao hautampata tena. Mzee mmoja mpiga mbizi alizoea kuniambia, "Mwanangu, samaki huyu akifa mikononi mwa mnunuzi, mimi nimemvua bure." Maneno hayo nimeishi nayo. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka samaki wa baharini, naanza kumuuliza kuhusu maji yake kabla sijamuuliza anataka samaki gani.

Ndiyo maana pia nilimsisitizia kijana karantini. Samaki anayetoka baharini anaweza kubeba vimelea ambavyo jicho halivioni: Cryptocaryon irritans, anayeleta vidoa vyeupe kwenye ngozi na mapezi, na Amyloodinium, anayevamia matamvua na kuua kwa siku chache. Baharini vimelea hivyo hutawanyika katika maji mengi, na vingi hufa bila kumpata samaki. Ndani ya tangi huzunguka mle mle, kila kizazi kikimkuta samaki yule yule. Kwa hiyo mgeni hukaa wiki kadhaa katika tangi lake, akatibiwa kwa dawa ya shaba ikihitajika, ndipo aruhusiwe kuungana na wengine.

Dawa ya shaba ndiyo inayofanya tangi la karantini liwe tupu. Mawe ya matumbawe na mchanga hufyonza shaba na kuvuruga kiwango cha dawa majini. Basi huwekwa vitu vichache tu: hita, kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, na vipande vya bomba la plastiki ili samaki apate pa kujificha. Tangi la kijana lilikuwa la lita 60. Utupu huo una gharama yake. Katika tangi lililokomaa, bakteria waliojishikiza kwenye mawe, mchanga na sponji huigeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kiev aliyekuwa akifanya utafiti Zürich, aliwatenga bakteria wa kazi hiyo mnamo 1890, na tangu hapo tunajua kwamba usafi wa maji ya samaki ni kazi ya viumbe hai. Tangi jipya lisilo na kitu ndani halina viumbe hao wa kutosha. Amonia yoyote ikiingia, hubaki.

Maji tulinunua katika duka la kujaza maji ya kunywa pale mjini, yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja kwa utando. Maji ya visima virefu vya upande huu wa Kajiado mara nyingi yana floraidi na madini mengi, na yale yanayoletwa na lori hujui yametekwa wapi wiki hii. Tukatia chumvi ya akwaria gramu 35 kwa kila lita, tukakoroga hadi kipima-chumvi kikasoma 1.025, na hita ikapandisha joto hadi nyuzi 26. pH ilikuwa 8.2. Sponji ilikuwa mpya, imetolewa kwenye pakiti yake. Pampu ikawashwa, tukaacha maji yatulie siku chache kabla ya kuanza kulea bakteria.

Kipimo chetu ni kile cha matone. Unajaza mrija wa kioo mililita 5 za maji ya tangi, unadondosha matone ya chupa ya kwanza kwa hesabu, kisha ya chupa ya pili, unafunga, unatikisa, unangoja dakika tano. Kijana aliushika mrija mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, kwa sababu taa ya stoo ina umanjano wake na inaweza kukudanganya. Sifuri ni manjano safi. Siku ya kwanza yalikuwa manjano. Baadaye ukaingia ukijani mwembamba, wa kubishaniwa: ukiushika mrija hivi unauona, ukiugeuza hivi haupo. Kisha ikaja miligramu 0.25 kwa lita isiyo na ubishi, na baada yake 0.5.

"Mwalimu, hii inapanda na hakuna samaki," akasema. "Inatoka wapi?"

Nilifurahi kwamba aliuliza hivyo. Watu wengi huuliza wafanye nini ishuke, na swali hilo likitangulia, hilo la chanzo halipati tena nafasi.

Kabla ya kulijibu, yafaa msomaji ajue namba 0.5 ina uzito gani. Amonia majini huwa katika hali mbili zinazogeukiana wakati wote. Ipo amonia yenyewe, NH₃, ambayo hupenya matamvua ya samaki kwa urahisi na kumdhuru. Na ipo amoniamu, NH₄⁺, yenye chaji ya umeme, ambayo hupenya kwa shida na madhara yake ni madogo sana. Kipimo cha matone husoma zote mbili kwa pamoja. Kinachoamua mgawanyo ni pH hasa, na joto kidogo. Katika maji ya pH 7.2 ile yenye sumu haifiki hata asilimia 1. Katika maji ya bahari ya pH 8.2 na nyuzi 25 hivi, ni karibu asilimia 7. Kwa hiyo 0.5 ile ile ambayo samaki wa dhahabu katika maji baridi angeivumilia, kwa kangaja wa Shimoni ina maana ya karibu miligramu 0.035 za sumu kwa lita, na wafugaji makini huanza kuwa na wasiwasi inapopita 0.02. Anayenukuu kipimo cha amonia bila kutaja pH amekupa nusu ya habari.

Jambo hili sisi wa Kiserian tuna mfano wake mkubwa chini ya kilomita 100 kutoka mlangoni petu. Ukishika barabara ya Magadi uteremke Bonde la Ufa hadi mwisho wake, unafika ziwa ambalo pH yake ni kama 10. Kwenye chemchemi za moto za ukingoni mwake wanaishi samaki wadogo wa jamii ya tilapia, Alcolapia grahami. Samaki wa kawaida hutoa taka yake ya naitrojeni kama amonia kupitia matamvua, ikatoka mwilini kuingia majini bila kazi kubwa. Katika maji ya Magadi njia hiyo imefungwa, kwa kuwa amonia haina namna ya kutoka kwa wepesi katika maji ya pH kama ile, na ingejaa mwilini. Mwaka 1989 watafiti, miongoni mwao Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha katika jarida la Nature kwamba samaki huyu hutoa taka hiyo yote kama urea, namna wafanyavyo mamalia. Nilipokuwa nikifundisha, nililisimulia jambo hilo kila mwaka. Samaki wa Magadi alibadilika kwa vizazi vingi hadi mwili wake ukaafikiana na maji. Kangaja anayefika Kiserian kwa basi la usiku hana nafasi hiyo. Maji ndiyo yanayopaswa kuafikiana naye.

Kijana alikuwa amekwisha kupewa ushauri dukani: anunue dawa ya kufunga amonia, amwage, asubiri. Dawa hizo zina mahali pake. Samaki akiwa ndani na kipimo kimepanda ghafla usiku, zinaweza kumwokoa hadi ubadilishe maji. Lakini hapa hapakuwa na samaki wa kuokoa. Dawa ingeifunga amonia iliyokuwepo bila kugusa mlango inamoingilia. Kipimo cha matone mara nyingi huendelea kusoma hata amonia iliyokwisha kufungwa, hivyo tusingejua tena kama inaongezeka au la. Na baadhi ya watengenezaji wa dawa ya shaba huonya isikutanishwe na dawa za aina hiyo. Tangi tupu lilikuwa limetupa nafasi adimu ya kuchunguza bila kiumbe kuteseka, na nilimwambia tusiipoteze.

Tukaanza na kipimo chenyewe. Chupa za kupimia huharibika kwa joto na kwa umri. Tulinunua kwenye kituo cha mafuta maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, yasiyo na asidi, tukayapima: manjano safi. Kisha nikatengeneza maji yenye kiasi kinachojulikana cha kloraidi ya amoniamu, tukayapima: rangi ikaja pale pale ilipotakiwa. Hatua hizo mbili huchukua nusu saa, na bila hizo kila kinachofuata ni kubahatisha. Kipimo kisichosoma sifuri mahali penye sifuri hakiwezi kuaminiwa popote.

Tukafuatia maji ya dukani kabla ya chumvi. Manjano. Tukapima maji mapya yaliyotiwa chumvi asubuhi ile. Manjano, na hata kama yangekuwa na ukijani kidogo nisingeshangaa, kwa sababu chumvi nyingine za akwaria huja na chembe za amonia kutoka kiwandani. Hapa nilimwomba kijana atulie atafakari. Chumvi ikiwa na amonia, huitoa yote siku inapoyeyuka, kisha namba husimama. Namba yetu ilikuwa ikipanda kila siku. Kitu kinachopanda kina chanzo kinachoendelea kuleta. Wazo hilo peke yake liliwaondoa washukiwa wengi: chumvi, maji, kioo, hita.

Ilibaki sponji, ambayo ingeweza kuwa na mabaki ya kiwandani yanayotoka polepole. Tulikata kipande, tukakizamisha ndani ya chupa ya maji ya chumvi yenye kifuniko, tukaiacha ndani ya nyumba. Baada ya siku mbili maji yake yalikuwa manjano. Hakukuwa na chakula kilichomwagika, wala mjusi aliyeangukia ndani. Sabuni na dawa za kusafishia vioo, ambazo nyingine hutengenezwa kwa amonia, hazikuwa zimetumika.

Kijana alisema, "Basi Mwalimu, hakuna kilichobaki."

"Kimebaki kile kinachoingia mchana na usiku," nikamwambia. "Hewa."

Tulitayarisha ndoo tatu za maji yale yale ya chumvi. Ya kwanza tuliiweka sebuleni ikiwa na pampu yake. Ya pili tuliiweka stooni, imefunikwa, bila pampu. Ya tatu ilikaa stooni kando ya tangi, ikipuliziwa na pampu iliyotundikwa kwenye msumari ule ule wa ukutani ulioshika pampu ya tangi. Kila ndoo ilijibu swali lake. Ya sebuleni ingetuambia kama pampu na mpira wa hewa huleta uchafu. Ya stooni iliyofunikwa ingetuambia kama kuna kitu kwenye maji kinachojidhihirisha kwa kukaa. Zote mbili zilibaki manjano. Ya tatu ikawa kijani, na asubuhi iliyofuata usiku wa mvua ikawa kijani zaidi.

Msomaji atakumbuka mvua za mwaka ule. Aprili na Mei 2024 zilinyesha nchini Kenya hadi zikaleta mafuriko yaliyoua watu na kubomoa barabara. Hapa kwetu mabondeni palijaa tope, na mama yake kijana, kama wafugaji wengi, alikuwa ameteremsha maturubai kwenye pande za banda ili kuku wasirowe. Ndani maranda yalikuwa yamelowa na kushikamana. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki nyingi, na maranda yakishika unyevu bakteria huibadilisha kuwa amonia kwa kasi. Hewa ya banda lililofungwa ilikuwa ikipita kwenye mianya ya mabati juu ya ukuta na kuingia stooni, hasa usiku kulipotulia. Pampu ilikuwa imetundikwa ukutani hapo hapo, juu kuliko maji, kama inavyotakiwa ili stima ikipotea maji yasirudi kwenye mpira na kumwagika. Ilikuwa ikivuta hewa ya banda na kuipuliza majini bila kupumzika.

Hesabu yake tuliipiga kwenye daftari. Pampu ndogo ya lita 2 kwa dakika hupitisha lita 2,880 za hewa kwa siku, karibu mita 3 za ujazo. Tuseme hewa ile ilikuwa na amonia sehemu 5 tu kwa milioni, kiwango ambacho pua nyingi hazikigundui vizuri. Kwenye mwinuko wetu hizo ni kama miligramu 3 katika kila mita ya ujazo. Amonia huyeyuka majini upesi mno, kwa hiyo karibu yote inayopita kwenye viputo hubaki majini. Hapo unapata miligramu 8 au 9 kwa siku, na zikigawanywa kwa lita 60 ni kama 0.14 kwa lita kila siku. Kwa siku nne umefika 0.5. Hesabu na mrija vilikubaliana.

Nilienda kumsalimu mama na kumweleza. Alinisikiliza akiwa ameshika kikapu cha mayai, kisha akauliza kwa uzito wote, "Sasa Mwalimu, kama hewa hiyo inafika kwa samaki, kuku wanaokaa ndani yake je?" Swali lake lilikuwa kubwa kuliko letu. Wataalamu wa kuku hushauri amonia bandani isipite sehemu 25 kwa milioni, kwa sababu huumiza macho na njia ya hewa na kufungua mlango wa magonjwa. Tuliingia pamoja, tukainama hadi kimo cha kuku, na pale chini hewa ilichoma macho. Kuku kadhaa walikuwa wamefumba jicho moja. Yeye na mwanawe hawakuwa wakiisikia tena harufu hiyo, kwa maana pua huizoea amonia kwa wanaoishi nayo. Mimi niliyetoka nje niliisikia mara moja. Siku hiyo hiyo maranda yaliyolowa yalitolewa, vinywesheo vikainuliwa visimwagike, na maturubai yakaachiwa nafasi juu ili hewa itoke. Pampu tuliihamishia upande wa nyumba, mpira wa hewa tukaupitisha ukutani, na maji ya tangi tukayabadilisha yote. Manjano ikarudi na ikabaki. Baada ya muda macho ya kuku nayo yakapona.

Lilibaki swali ambalo kijana aliliuliza mwenyewe, na lilinifurahisha kuliko yote: mbona tangi la samaki wa dhahabu limekaa stoo hiyo hiyo miaka mingi, likipuliziwa hewa hiyo hiyo, na kipimo chake ni sifuri? Jibu ni kwamba tangi lile limekomaa. Bakteria wake waliipokea amonia ya hewani pamoja na ile ya samaki, wakazila zote mbili kimyakimya. Amonia ilikuwa ikiingia misimu yote ya mvua na hakuna aliyejua. Tangi jipya, kwa kutokuwa na bakteria, lilionyesha kilichokuwa kikitendeka. Nimelitafakari sana jambo hilo. Mara nyingi tunadhani kitu kipya kinacholeta taabu ndicho kibovu, na cha zamani kinachotulia ndicho kizima, kumbe kipya kimetangulia kusema kweli.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kulea bakteria kwa makusudi: kiasi kidogo cha kloraidi ya amoniamu kinachopimwa, na kungoja hadi amonia ishuke, naitriti ipande, kisha naitriti nayo ishuke. Hilo huchukua wiki kadhaa, na halina njia ya mkato ya kuaminika kama kipimo chenyewe. Sayansi bado inaendelea kuwafahamu viumbe hawa. Mwaka 2005 watafiti walimtenga kiumbe wa baharini wa kundi la arkea anayekula amonia, Nitrosopumilus maritimus, na walimpata katika tangi la samaki wa kitropiki la Seattle Aquarium, Marekani. Mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba wapo bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaoweza kuifanya safari nzima, kutoka amonia hadi naitreti, peke yao. Kwa miaka zaidi ya mia moja ilidhaniwa kazi hiyo lazima igawanywe kati ya bakteria wawili tofauti.

Viumbe hao wanahitaji oksijeni, na hapo Kiserian ina masharti yake. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina msukumo wa karibu asilimia 80 ya ule wa Shimoni, hivyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Maji ya chumvi nayo hushika pungufu kuliko maji baridi. Stima ikipotea usiku wa baridi, pampu husimama, sponji hukosa oksijeni, na bakteria uliowalea kwa wiki huanza kufa. Amonia ya kesho yake asubuhi hutoka kwao wenyewe. Kijana alinunua pampu ndogo ya betri inayojiwasha yenyewe stima inapokatika. Kwa mfugaji wa huku juu, kifaa hicho kinatangulia dawa zote.

Samaki walipokuja, wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, nilimwonyesha kijana jambo la mwisho kuhusu amonia na pH. Ndani ya mfuko uliofungwa saa nyingi, samaki hutoa amonia na pia kaboni dioksaidi. Kaboni dioksaidi hushusha pH ya maji ya mfukoni, na pH ikishuka amonia nyingi hugeuka amoniamu isiyomdhuru. Samaki husafiri salama ndani ya maji ambayo kipimo kingeyaita mabaya. Ukifungua mfuko na kuuacha wazi muda mrefu, kaboni dioksaidi hutoroka, pH hupanda, na amonia ile ile hugeuka sumu samaki akiwa bado ndani yake. Kwa hiyo mfuko huelea tangini umefungwa hadi joto lilingane. Maji ya karantini huwa yametayarishwa mapema yakiwa na chumvi inayolingana na ya mfukoni. Ukishafungua, humtoi samaki kwa kusuasua. Unamhamisha mara moja, na maji ya mfuko hayaingii tangini. Walikula siku ya pili. Walikaa wiki zao zote za karantini na kipimo hakikuondoka kwenye manjano.

Kijana sasa huitwa na wafugaji wa Rongai na Kitengela maji yao yanapowatatiza, na huenda na chupa ya maji ya betri na ndoo tatu. Wengi humtarajia aje na dawa. Yeye huanza kwa kuuliza namba imesimama au inapanda, pH ni ngapi, na pampu inavuta hewa kutoka wapi: jikoni, zizini, chumba kilichopakwa rangi jana. Nimemwona akikataa kumruhusu mtu kuleta samaki ingawa mtu huyo alikuwa amekwisha kulipa, kwa sababu kipimo kilikuwa kimeshuka na hakuna aliyejua kimeshuka kwa nini. Nilimuunga mkono. Namba iliyoshuka bila sababu inayojulikana inaweza kupanda bila sababu inayojulikana, na atakayeilipa ni samaki aliyetolewa kwenye mwamba wake bila kuulizwa. Anayetaka kumfuga basi na aijue kwanza sababu, ndipo aende kumchukua.